Breki Kwanza, Kitanda Baadaye: Nilivyofufua HiAce ya Baba kwa Fedha za Mwezi kwa Mwezi

Baba aliendesha HiAce hii miaka 14, akibeba abiria wa Tanga na Muheza, Tanga na Pangani. Alipostaafu aliiegesha chini ya mwembe nyuma ya nyumba, ikanyeshewa hapo misimu minne ya mvua. Siku nilipomwambia nataka kuigeuza gari la kulala, niwe natoka na wanangu likizo za shule bila kulipia nyumba ya wageni, hakunikataza. Alininyooshea kidole gurudumu la nyuma akasema, "Mwanangu, usianze na godoro."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa naweka kando shilingi 150,000 kila mwezi, na kazi yote ilinichukua mwaka mmoja na miezi minne. Ninachotaka kukueleza ni mpangilio: fedha ya kwanza iende wapi, ipi isubiri, kipi ufanye kwa mkono wako na kipi umwachie fundi. Nimewahi kuona gari lina mapazia ya kitenge na taa za kupendeza ndani, kumbe mpira wa breki wa mbele umepasuka hadi nyuzi zinaonekana. Watoto hulala ndani ya gari kama hilo.

Usiingie chini ya gari kwa kuamini jeki

Jeki ni ya kuinulia tu. Ya mafuta hushuka polepole sili zake zikichoka, na ile ya kuzungusha huanguka gari likisogea kidogo. HiAce ya aina hii, hata tupu, ina tani moja na nusu na zaidi. Kitu cha kwanza kabisa nilichonunua, kabla ya spea yoyote, ni stendi mbili za chuma, kila moja ya tani 3. Tofali la saruji usiliweke chini ya gari, maana halipindi likakuonya, linapasuka mara moja. Kwetu chini ni udongo, kwa hiyo kila stendi niliilaza juu ya kipande cha ubao mnene ili isizame.

Jambo ambalo wengi hulisahau: hendibreki ya gari hili inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiinua nyuma, hendibreki haina tena cha kushika, gari linaweza kubingirika mbele. Weka mawe makubwa au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Gari likishakaa kwenye stendi, lisukume kwa nguvu ukiwa umesimama nje. Likitikisika, shusha uanze upya. Gurudumu ulilofungua lilaze chini ya kizingiti cha mlango, stendi ikiteleza litapokea uzito. Na usifanye kazi hiyo ukiwa peke yako nyumbani. Mimi nilikuwa namngoja mwanangu mkubwa arudi shule, akae kando na simu.

Breki

Fundi wa kwanza niliyempa breki aliweka pedi mpya mbele, akaendesha mzunguko mmoja mtaani, akasema kazi imekwisha. Mafuta ya breki hakuyagusa, nami sikujua kuuliza. Mwezi wa tatu, kitanda bado hakipo, tulimpeleka shangazi Lushoto. Kupanda hakukuwa na shida. Kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Tulipofika katikati, pedali ikawa laini kama ninakanyaga sifongo, kisha ikashuka karibu na sakafu. Baba alikuwa kando yangu. Alisema kwa sauti ya chini, "Gia ya pili. Sasa ya kwanza. Pampu breki, usiishikilie." Gari likapunguza mwendo kwa injini, nikalisimamisha kwenye nafasi pana upande wa mlima. Tulikaa saa nzima. Breki zilipopoa, pedali ikarudi juu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sababu yake ni hii. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto mkali, mafuta yanatoa mapovu, na pedali inaanza kubana mapovu badala ya kubana pedi. Yale ya baba yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Kuyabadilisha kulinigharimu kidogo kuliko zile pedi. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili, na utumie aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chombo chake. Oili ya aina nyingine isiingie humo hata tone, huvimbisha raba zote za ndani.

Ukibadilisha mafuta, kutoa upepo kwenye mabomba ya breki kunahitaji watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki), kwa usukani wa kulia ni la nyuma kushoto. Chomeka mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye nipo, kile kiskrubu kidogo cha kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki. Mwenzako akanyage na kushikilia, wewe fungua nipo, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani. Endelea mpaka mafuta masafi yatoke bila povu, huku ukiongeza juu ili chombo kisikauke. Kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Fungua pia madramu ya nyuma. Gari likikaa muda mrefu, silinda ndogo za ndani huota kutu na kuvuja. Ukiona ukuta wa ndani wa tairi una ulowevu wa mafuta, jibu unalo. Vumbi la humo usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto. Lowesha, pangusa kwa kitambaa, kitupe. Kama mkono wako haujazoea kazi hii, mlipe fundi, lakini simama naye, na uone kwa macho yako mafuta ya zamani yakitoka.

Tairi

Zangu zilikuwa na kashata (meno ya tairi) nzuri, nikadhani nimeokoa fedha. Baba akanionyesha tarakimu nne za mwisho ubavuni, ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2311, imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Ubavuni zilikuwa na nyufa ndogondogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Tairi ya hivyo hupasuka barabarani kwenye joto ikiwa na mzigo. Soma pia herufi. Zangu mpya ni 195R14C, na ile C ndiyo inayosema tairi imetengenezwa kwa gari la mzigo. Tairi ya gari dogo la nyumbani hata ikiingia kwenye ringi, usiifunge. Nilinunua mbili, nikangoja miezi miwili, nikanunua mbili nyingine. Muda huo wote gari halikutoka nje ya mji.

Kutu na maji

Tanga hewa ina chumvi, na chuma kinaliwa kutoka ndani. Chukua mpini wa bisibisi, gonga taratibu kila mahali: vizingiti vya milango, ndani ya madigadi, chini ya mlango wa nyuma, pembe za kioo cha mbele. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilichooza husema "pwa", au kinatoboka. Palipotoboka usikubali puti peke yake. Puti hupendeza miezi mitatu, huku kutu ikiendelea kula nyuma yake. Kata hadi ufikie chuma safi, chomelea bati, paka praima siku hiyohiyo.

Siku ya kuchomelea ng'oa nyaya za betri, toa viti, mazulia na sifongo zote zilizo karibu, na weka ndoo ya maji na kizimamoto mkononi mwa mtu anayetazama, si anayechomelea. Karibu na tanki la mafuta asichomelee mtu mpaka tanki lishushwe.

Lakini kabla ya kuchomelea tafuta maji yanakoingilia, la sivyo utachomelea palepale tena. Mtoto mmoja alikaa ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa bustani, nami nikafuata matone. Yalikuwa yakiingia kwenye raba ya dirisha la nyuma na kwenye matundu mawili ya keria ya zamani juu ya paa. Raba moja na silikoni vilimaliza shida ambayo ilikuwa imeshakula sakafu.

Matundu ya sakafu yana hatari ya pili. Bomba la moshi linapita chini yake, moshi unaweza kupenya ndani, na kwenye HiAce injini yenyewe iko chini ya viti vya mbele. Hakikisha ekzosi haivuji, sakafu imezibwa, na raba ya kifuniko cha injini inabana pande zote.

Kwenye injini nitapita haraka, maana hapo utahitaji fundi. Kama ni dizeli ya 2L, 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika ukiwa safarini, gharama ya ukarabati inaweza kuzidi bei ya gari. Usipojua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Mpira wa mafuta ukiwa mgumu au una nyufa, badilisha. Fundi akitaka kukutolea thamostati, valvu inayodhibiti maji ya kupoza injini, "ili gari lipoe", mkatalie, anunue mpya. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi, na tatizo la rejeta linabaki palepale.

Umeme wa kulalia

Waya nyembamba iliyounganishwa kwa selotepu nyuma ya ubao ndiyo huwasha moto usiku. Mimi sikugusa nyaya za gari. Niliweka betri ya pili, ndogo, inayojitegemea, na paneli ya jua juu ya paa yenye kidhibiti chaji chake. Piga hesabu kabla ya kununua. Feni yangu ya volti 12 inakula ampea 1.5, kwa saa 8 ni ampea 12 za saa. Taa za LED nusu ampea kwa saa 4, ni 2. Jumla 14. Betri ya ampea 50 za saa ukitumia nusu yake tu una 25, inatosha na kubaki, nayo itadumu.

Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, isizidi urefu wa kiganja. Fyuzi inalinda waya, na kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba nimeweka fyuzi ya ampea 15. Kila tundu la bati ambalo waya unapita livishe raba. Betri ifungwe isiruke, na sanduku lake liwe na tundu la hewa linalotoka nje, kwa kuwa betri ya maji ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Ukifungua betri anza na hasi, ukirudisha anza na chanya.

Moto na usingizi

Hapa naomba unisikilize kama dada yako. Jiko la mkaa halilali ndani ya gari. Hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata kama Lushoto kuna baridi na mtoto anatetemeka. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Jenereta nayo iwe mbali, na injini isiungurume watu wakiwa wamelala. Baridi dawa yake ni blanketi la pili.

Mimi napikia nje, chini ya turubai. Mtungi wangu mdogo wa gesi unasafiri umesimama, umefungwa valvu, kwenye kisanduku chenye matundu yanayotoka nje kupitia chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia sakafuni, palepale unapolala. Kila safari napaka maji ya sabuni kwenye maungio, povu likifura najua inavuja. Kiberiti hakitumiki kupimia. Madirisha mawili yaliyotazamana hubaki wazi kidogo usiku kucha, nimeyawekea wavu wa mbu. Kizimamoto cha poda kiko mlangoni, mahali mkono unapofika ukiwa umelala.

Kitanda? Plaiwudi, fremu ya mbao, godoro nililokata kwa kisu cha mkate. Wikiendi mbili tu. Ila kila tundu unalotoboa sakafuni, kwanza tazama chini: kuna tanki na mabomba ya breki. Fremu ifungwe kwa bolti zinazopita hadi chini ya bati, zenye washa pana. Maji weka chini, dumu la lita 20 ni kilo 20, likiwa juu ya rafu litamwangukia mtu ukifunga breki. Na gari likitembea hakuna anayelala kitandani. Nimebakiza viti vinne vya asili kwenye bolti zake, vyenye mikanda, na sisi tuko wanne.

Ukibadilisha rangi au injini, nenda na kadi ya gari Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla trafiki hajakuuliza.

Safari ya majaribio tulienda Muheza na kurudi, bila mizigo. Baba alisogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa, akilinganisha joto. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, breki yake imeshika. Zote zilikuwa sawa. Kisha akanipa spana ya tairi, nikakaza nati zote upya, kama inavyotakiwa kila baada ya kufunga magurudumu na kutembea kilomita 50 hadi 100. Mbili za nyuma kushoto zilizunguka robo.