Jinsi ya Kuanzisha Gazeti Huru la Mtaa Lenye Msimamo wa Kisiasa

Hivi karibuni nimelisaidia kundi la watu watano kutoa toleo la kwanza la gazeti lao, na maswali waliyoniuliza ni yale yale yaliyonisumbua mimi nilipoanza kuhariri gazeti la aina hiyo. Nimeyapanga majibu kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe. Ninaposema gazeti huru sina maana ya gazeti lisilo na upande. Nina maana ya gazeti ambalo upande wake umechaguliwa na wahariri wake, wala haukununuliwa na mgombea, chama au mfanyabiashara.

Hatua ya kwanza: andikeni msimamo wenu

Ukurasa mmoja unatosha. "Tunapigania haki na maendeleo" si msimamo, kwa sababu hakuna atakayeukataa. "Tunapinga kuuzwa kwa viwanja vya wazi, na tunataka vikao vya bajeti vifanyike mbele ya wananchi" ni msimamo, maana yupo mtu mwenye akili timamu hapo mtaani anayeweza kuupinga kwa hoja. Mimi hupendelea gazeti lisimamie masuala kuliko kusimamia chama, kwa kuwa chama kinaweza kugeuka kesho na kuwaacha mkitetea jambo mlilolilaani jana. Msimamo huo uchapwe ukurasa wa pili katika kila toleo, ili msomaji mpya ajue anazungumza na nani. Amueni pia, mapema na kwa maandishi, ni nani mwenye neno la mwisho wahariri wanapokosa kuafikiana.

Hatua ya pili: jina na sheria

Ziko nchi zinazotaka gazeti lisajiliwe au lipate leseni kabla ya kuchapwa, na ziko zisizotaka. Ulizeni kwanza, kisha ndipo mchore nembo. Jina na anwani ya mchapishaji viwepo ndani ya gazeti hata pale ambapo sheria haidai. Ombeni pia namba ya ISSN, ile yenye tarakimu nane, katika kituo cha taifa kinachoitoa, lakini mjue kwamba namba hiyo hulitambulisha gazeti tu wala haiwapi haki ya kulimiliki jina.

Hatua ya tatu: fedha

Kanuni yangu ni kwamba asiwepo mtu mmoja anayelipia zaidi ya robo ya gharama za toleo, na majina ya wachangiaji wakubwa yachapwe. Tangazo la kulipiwa liwekewe neno "Tangazo" juu yake, na lisipangwe kwa herufi zinazofanana na za habari. Fedha za mgombea sizipokei kabisa, hata kwa tangazo la salamu za sikukuu.

Hatua ya nne: thibitisheni kila tuhuma

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Katika toleo letu la tatu tuliandika kwamba diwani mmoja alipiga kura kuunga mkono uwanja wa watoto ugawiwe kwa mwekezaji. Muhtasari wa kikao tulikuwa nao mkononi, jina lake likiwa katika orodha ya waliokubali, nasi tukaona hilo latosha. Hatukutazama ukurasa wa mwisho, ambao haukuwa na saini. Ilikuwa rasimu, na kikao kilichofuata kilikuwa kimekwisha kuisahihisha, kwa kuwa karani alikuwa amebadilisha nafasi za majina mawili yanayofanana. Diwani yule alikuwa amepinga. Gazeti lililojitambulisha kuwa mtetezi wa viwanja vya wazi lilikuwa limemchafulia jina mtu aliyevitetea. Tulishinda siku nzima tukiwapigia simu wauzaji ili warudishe nakala, kisha tukachapa masahihisho na kuomba radhi kwenye ukurasa wa mbele, kwa herufi za ukubwa ule ule wa habari ya awali.

Tangu hapo, muhtasari kwangu si ushahidi mpaka uwe umethibitishwa na kikao kinachofuata na kutiwa saini. Ikiwa kikao hicho bado, na habari haiwezi kungoja, andikeni wazi kwamba mmetumia rasimu, kisha tafuteni watu wawili waliokuwemo ukumbini. Angalieni, hata hivyo, kwamba wawili wa kambi moja waliosimuliana ni chanzo kimoja tu. Mkiwa na sauti iliyorekodiwa, lihifadhini faili la awali bila kulikata, na mjue kabla ya kurekodi mazungumzo ya faragha kama sheria ya mahali penu inataka idhini ya wote wanaozungumza.

Kisha mpeni mtuhumiwa nafasi ya kujibu, kwa maandishi, mkiorodhesha kila tuhuma moja moja pamoja na tarehe yake. Msimpelekee makala nzima, maana atataka kuihariri, wala msimpelekee swali la jumla kama "una maoni gani kuhusu uwanja?", kwa sababu baadaye atasema, na atakuwa na haki, kwamba hakuambiwa anachotuhumiwa nacho. Mpeni muda wa kutosha kutafuta kumbukumbu zake. Saa mbili kabla ya gazeti kwenda mtamboni si nafasi ya kujibu. Akinyamaza, andikeni kwamba mlimtafuta, kwa njia gani na lini. Akijibu mkiwa mmeshachapa, jibu lake liingie toleo linalofuata, mahali panapoonekana. Na jibu lake likimtuhumu mtu wa tatu, huyo naye anastahili utaratibu huo huo, hata kama habari itachelewa kwa sababu yake. Kadiri mtuhumiwa anavyokuwa mpinzani wa msimamo wenu, ndivyo mnavyopaswa kuwa wagumu zaidi kwa ushahidi wenu wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mnapotamani sana iwe kweli.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni lebo ya "Maoni". Lebo hiyo humsaidia msomaji, lakini haigeuzi madai ya ukweli kuwa maoni. "Uamuzi huu ni wa aibu" ni maoni; "amehongwa ili akubali" ni dai linalohitaji ushahidi, liwe kwenye habari au kwenye tahariri. Kichwa cha habari nacho kisomwe na mwandishi wa habari yenyewe kabla ya kuchapwa, kwa sababu mara nyingi mwili wa habari husema "inadaiwa" na kichwa kikasema "ameiba". Nyaraka za kila habari ziwekwe kwenye bahasha yake, yenye namba ya toleo, na zisitupwe.

Hatua ya tano: kupanga kurasa na kuchapa

Tumieni Scribus, programu ya kompyuta ya kupangia kurasa, ambayo hailipiwi na inatosha kabisa kwa kazi hii. Programu ya kuandikia barua msiitumie kupangia gazeti, hata kama mmeizoea. Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa hutoa kurasa nne; kwa kuanzia, nane zinatosha. Herufi za pointi 9 kwa nafasi ya mistari ya pointi 11 husomeka vizuri.

Maandishi yote yawe ya wino mweusi mtupu. Yakichanganywa na rangi nyingine tatu za uchapaji, ambazo kila moja ina sahani yake mtamboni, sahani hizo zikipishana kidogo tu, kila herufi huonekana kama ina kivuli. Picha zenye nukta 200 kwa inchi zinatosha, lakini zing'arisheni kidogo, maana karatasi ya magazeti hunywa wino na nukta hutanuka, na jumla ya wino, yaani asilimia za rangi zote nne zikijumlishwa mahali pamoja, isizidi takribani 240. Mwulizeni mchapaji anataka faili la aina gani kabla ya kuanza kupanga. Kisha toeni kurasa zote kwenye karatasi na kumpa mtu ambaye hakuandika chochote humo azisome kwa sauti.

Hatua ya sita: kusambaza

Anzeni na nakala chache kuliko mnavyodhani mtauza, na kila muuzaji aandikiwe idadi aliyopokea na aliyorudisha. Kabla hamjagawa lolote, tengeni nakala za kupeleka maktaba ya taifa pale sheria inapotaka hivyo, na moja ya kuwekwa pamoja na bahasha za nyaraka za toleo hilo.