Kuchagua chumvi ya kusugulia mwili

Rangi ya chumvi isikubabaishe. Kinachoamua kama ngozi itatoka laini au na mikwaruzo ni ukubwa wa punje. Kwa mikono, miguu na mgongo chukua punje zisizozidi milimita 1. Za mawemawe ziachie visigino. Zijaribu kwanza: weka kidogo upande wa ndani wa mkono, usugue kwa kidole chenye maji. Zikiacha mistari myekundu, saga tena.

Chumvi ya bahari iliyosagwa inawatosha wengi, na hata ya mezani inafaa. Ile ya pinki ya Himalaya imepata rangi kwa chembe za chuma. Hapo unalipia sura tu. Inayotoka Bahari ya Chumvi ina magnesiamu nyingi, hivyo hunyonya unyevu wa hewani na kulowa isipofunikwa vizuri. Chumvi ya Epsom, yaani salfeti ya magnesiamu, huyeyuka upesi, ndiyo maana husugua kwa upole.

Changanya vikombe 2 vya chumvi na kikombe 1 cha mafuta. Mafuta yakizidi, chumvi huzama na unabaki kujipaka mafuta matupu. Chota kwa kijiko kikavu, maana maji yakiingia koponi punje huyeyuka.

Sugua ngozi iliyolowa kwa mizunguko, dakika 1 au 2, bila kukandamiza, mara 1 kwa wiki. Usiguse uso, vidonda, wala sehemu iliyonyolewa ndani ya saa 24: itachoma vibaya. Sakafu ya bafu nayo itateleza. Ioshe kwa sabuni kabla mwingine hajaingia.