Kopo, tishari na madini ya nikeli: kuzuia shehena isigeuke uji

Madini ya nikeli ya Indonesia na Ufilipino hupakiwa yakifanana na udongo wa shambani, na ukiyashika unaweza kuyadhani makavu. Maji yamejificha kati ya chembe. Mtikisiko wa injini na mawimbi huzishindilia chembe hizo, maji hukosa pa kwenda, nayo huanza kuzitenganisha. Hapo shehena huwa uji. Meli ikiinama, uji hufuata. Meli ikijiinua, haurudi wote. Mlalo huongezeka kila meli inapokwenda mrama, yaani inapoyumba ubavu kwa ubavu.

Anza na hati. Unyevu wa shehena lazima uwe chini ya kikomo cha usafirishaji, ambacho kwa kawaida ni asilimia 90 ya unyevu unaoanza kuigeuza shehena uji inapopimwa maabara. Sampuli ya unyevu isizidi siku 7 kabla ya kupakia. Mvua ikinyesha juu ya lundo au tishari (chombo bapa kinachofikisha shehena melini) baada ya hapo, hati hiyo usiitegemee. Dai kipimo kipya.

Kisha pima mwenyewe, tishari kwa tishari. Chukua kopo la nusu lita hadi lita moja, lijaze nusu. Liangushe kwa nguvu juu ya sakafu ngumu kutoka sentimita 20 hivi, mara 25, kila baada ya sekunde moja au mbili. Uso uking'aa maji au ukilegea kama tope, simamisha upakiaji, ita maabara. Ukibaki mkavu, usishangilie: unyevu bado unaweza kuwa umepita kikomo. Tazama pia kuta za tumbo la meli winchi inapomwaga. Matone ya tope yaliyorukia chuma ni onyo.

Sawazisha vilele vya shehena. Hilo huzuia kuporomoka, lakini halikaushi kitu. Funika visima vya ngama, yaani mashimo yanayokusanya maji chini ya tumbo la meli, kwa gunia ili maji yapite na tope libaki, kisha pima kina cha maji hayo kila siku.

Hatari hii si ya nikeli peke yake: mwaka 2015 meli Bulk Jupiter ilizama na boksaiti (madini ya alumini) kutoka Malaysia. Kati ya mabaharia 19 alipona mmoja tu.

Meli ikilala baharini, usikimbilie kujaza maji ya farumi (maji ya kuipa meli uzito na usawa) upande ulioinuka: uji unaweza kuvuka kwa kishindo na kuipindua upande huo. Punguza mwendo, tafuta uelekeo unaopunguza mrama, toa taarifa mapema, na mabaharia wavae maboya wakiwa bado wanaweza kusimama.