Django: punguza safari za kwenda kwenye hifadhidata

Chukua ukurasa wa oda wa duka la jumla Kariakoo: oda 50, kila moja na jina la mteja. Ukiandika Oda.objects.all()[:50], kisha kwenye templeti ukaita oda.mteja.jina, Django (mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti) inatuma maulizo 51 kwenye hifadhidata: moja la oda, 50 ya wateja. Kwenye kompyuta yako huoni kitu. Ila programu ikiwa Dar es Salaam na hifadhidata Frankfurt, kila ulizo linalipa nauli ya kwenda na kurudi.

Dawa ni Oda.objects.select_related("mteja")[:50]; inaleta oda pamoja na wateja wake, na linabaki ulizo moja. Hiyo ni kwa ForeignKey na OneToOneField, yaani sehemu zinazoelekeza kwenye rekodi moja tu ya jedwali lingine. Bidhaa za oda, kwa kuwa ni nyingi kwa nyingi, zinataka prefetch_related("bidhaa"), yaani ulizo moja la ziada. Angalia lakini: ukiita oda.bidhaa.filter(...) ndani ya kitanzi, ulichokwisha kuleta hakitumiki na maulizo yanarudi palepale. Chuja mapema kwa Prefetch, unayoipa prefetch_related ikiwa na uchujaji wako.

Faharasa (orodha inayoisaidia hifadhidata kutafuta haraka) weka kwenye safu unazochujia na kupangia tu, maana kila moja inachelewesha uandishi. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, jedwali likiwa kubwa, tumia AddIndexConcurrently, inayojenga faharasa bila kuzuia uandishi, na atomic = False kwenye faili la maigresheni (faili linalobadilisha muundo wa hifadhidata). La sivyo oda mpya zinasubiri hadi faharasa iishe kujengwa, na Kariakoo saa sita mchana hakuna anayesubiri.

Weka pia CONN_MAX_AGE = 60, ili muunganisho na hifadhidata utumike tena hadi sekunde 60; chaguo-msingi ni 0, muunganisho mpya kila ombi.