Somo: Kila toleo na mwongozo wake

Karani wa SACCO mjini Mbale anatumia toleo 2.3 la programu ya mikopo. Amefungua mwongozo mtandaoni, anaambiwa abofye Ripoti, kisha Riba. Kwake kitufe cha Riba hakipo. Kimekuja na toleo 3.0. Anapiga simu, na mteja yuko dirishani anasubiri. Tatizo hilo linatatulika kwa Git, programu inayotunza historia ya msimbo, na MkDocs, inayogeuza maandishi kuwa tovuti ya mwongozo.

Hatua ya 1. Nyaraka zikae kwenye hifadhi ileile ya msimbo, ndani ya folda ya `docs`. Anayeongeza kitufe aandike maelezo yake katika badiliko hilohilo. Mkaguzi wa msimbo akikuta kitufe kipya hakina maelezo, asikipitishe, hata kama bosi ana haraka. Hapa ndipo timu nyingi hukwama, maana hii ni tabia, na tabia haisakinishwi.

Hatua ya 2. Toleo likitoka, lipe tawi, yaani mkondo wake wa msimbo (`v2.3.0` ni lebo ya toleo hilo):

`git switch -c 2.3 v2.3.0`

Tarakimu mbili zinatosha. Ya tatu huashiria marekebisho ya hitilafu tu, kwa hiyo 2.3.1 na 2.3.4 zitumie mwongozo mmoja.

Hatua ya 3. Sakinisha `mike`, zana ya kuchapisha matoleo mengi ya mwongozo wa MkDocs, nenda kwenye tawi la 3.0, kisha (`latest` ni jina la pili la toleo jipya zaidi):

`mike deploy --push --update-aliases 3.0 latest`
`mike set-default --push latest`

Kwenye tawi la zamani: `mike deploy --push 2.3`. Kila toleo hupata folda yake, na kuchapisha jipya hakugusi la zamani.

Hatua ya 4. Kiungo cha Msaada ndani ya programu kielekee `/2.3/`, kamwe kisielekee `/latest/`. Karani hana haja ya kukariri namba ya toleo, programu inaijua.

Maswali ya wanachama wa darasa, kwa miji yao

*Gulu:* Mwalimu, kosa likiwa kwenye matoleo yote, nilisahihishe mara tatu?

Hapana, dada. Lisahihishe kwenye `main`, tawi kuu, kisha lipeleke kwenye matawi mengine kwa `git cherry-pick -x`. Hiyo `-x` huandika namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya asili, ili kesho ujue sahihisho limetoka wapi. Ukipata mgongano, yaani Git ikishindwa kuunganisha mabadiliko yenyewe, usilazimishe. Soma kwanza, huenda sehemu hiyo kwenye toleo la zamani inafanya kazi tofauti.

*Jinja:* Wateja wetu bando huisha katikati ya wiki. Wasomeje?

Jenga kwa `mkdocs build`, kisha weka folda ya `site` ndani ya kisakinishi cha toleo husika. Kama unatumia Material, mandhari (mwonekano) ya MkDocs, washa plagini (kiongezo) ya `offline`, la sivyo kisanduku cha kutafuta hakitafanya kazi bila seva.

*Mbarara:* Toleo la zamani tulifute lini?

Mteja wa mwisho akishahama, kaka. Kabla ya hapo weka bango juu ya kila ukurasa linalosema kuna toleo jipya, na kiungo chake.