Somo: Kuvunja 4,294,967,297 kwa kikokotoo cha tarakimu 8

Namba hii ni 2³² + 1. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliamini ni namba tasa, kama zilizoitangulia za aina yake (2¹ + 1, 2² + 1, 2⁴ + 1, 2⁸ + 1 na 2¹⁶ + 1): 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kuwa inagawanyika. Ina tarakimu 10, kwa hiyo haiingii kwenye kikokotoo kidogo, lakini hatuhitaji kuiingiza.

Hatua ya 1: Chuja vigawo. Ukijaribu kila namba tasa hadi kipeuo cha pili, una zaidi ya 6,500 za kugawa. Usifanye hivyo. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1 (sababu iko kwenye maswali). Orodhesha kumi za mwanzo: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Futa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Tano tu!

Hatua ya 2: Fanya kazi na baki. Anza na 2⁸ = 256. Ukizidisha baki kwa lenyewe unapata baki la 2¹⁶, ukirudia unapata la 2³². Kwa 641:
256 × 256 = 65,536; toa 641 × 102 = 65,382, baki 154.
154 × 154 = 23,716; toa 641 × 36 = 23,076, baki 640.
Hilo ndilo baki la 2³². Ongeza 1: 641. Imegawanyika bila baki. Nne za mwanzo zinakataa: 193 hubakiza 109, 257 hubakiza 2, 577 hubakiza 288, na 449 tutaiona chini.

Hatua ya 3: Gawa kwa mkono. Jibu ni 6,700,417. Wengi huanguka baada ya 67: baki ni 2, ukishusha 6 unapata 26, andika 0, ukishusha 7 unapata 267, andika 0 tena. Ukiruka sifuri hizo utapata 67,417.

Hatua ya 4: Hakikisha 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na sharti la 64 bado linaibana. Jaribu 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zote zinabakiza.

MASWALI

Mwalimu, kwa 449 nimepata baki 324. Nimekosea wapi?
Hesabu yako ni sahihi, ila umeishia kwenye 2³². Ongeza ile 1, baki ni 325. Kosa hili ni baya zaidi kwa 641: ukisahau 1 unaona 640 na unakipita kigawo chenyewe.

Kwa nini 64?
Kama p inaigawa namba yetu, 2³² ina baki pungufu ya p kwa 1, hivyo 2⁶⁴ inabaki 1. Mabaki ya vipeo vya 2 yanajirudia kila baada ya hatua 64, si chini ya hapo, kwa kuwa kwenye 32 hayajarudi 1. Kanuni ya Fermat mwenyewe inasema p − 1 lazima igawanyike kwa urefu wa mzunguko huo.

Ina vigawo vingapi kwa jumla?
Vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Ukivijumlisha, 4,301,668,356.