SOMO: Kupima kama bakteria wa baharini wanawaziba wenzao masikio (soma kabla ya kuniuliza)

Nimechoka kuulizwa "duara langu ni jeupe, nimepata dawa?" Naandika mara moja, baada ya hapa nitakuwa natuma linki tu.

Kwa ufupi: bakteria wengi hutoa molekuli za ishara. Wakishazidi idadi fulani ishara hujaa, nao hubadilika kwa pamoja: wengine hutoa sumu, wengine hujenga utando, na Vibrio fischeri huwaka mwanga. Tunatafuta kemikali inayokata mazungumzo hayo bila kuua. Wanaoishi juu ya sponji na mwani wanagombea nafasi kila siku, ndiyo maana tunaanzia huko.

1. Suuza sponji kwa maji ya bahari yaliyopita otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), saga, zimua, paka kwenye agari ya baharini (jeli ya kukuzia bakteria, yenye chumvi kama bahari).

2. Tenga koloni moja moja.

3. Kuza kwenye mchuzi (chakula cha majimaji), zungusha kwenye sentrifuji ili seli zishuke chini, vuta kemikali kutoka kwenye maji ya juu kwa asetati ya ethili, kausha, yeyusha kwa DMSO (kiyeyushi). Hilo ndilo dondoo lako.

4. Andaa bakteria wa kupimia: Chromobacterium violaceum CV026, nyuzi 30. Huyu hatengenezi ishara mwenyewe; ukimpa ya C6 (ishara yenye mkia wa kaboni sita) anageuka zambarau.

5. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilimwaga agari laini yenye CV026, ishara ya C6 imo, juu ya sahani zile zile za agari ya baharini. Asubuhi sahani zote 12 nyeupe! Nikampigia msimamizi wangu nikihema. Akauliza: "Sahani ya kulinganisha, ile isiyo na bakteria wako, ikoje?" Sikuwa nayo. CV026 havumilii chumvi ya bahari. Hakuota kabisa, atatoa rangi kwa kinywa gani? Kwa hiyo mwage CV026 pamoja na C6 kwenye agari ya LB ya kawaida (chakula cha bakteria kisicho na chumvi ya bahari), dondosha dondoo lako, na kando yake DMSO tupu. Dondoo likifuta rangi, utaona duara jeupe. DMSO ikifuta rangi, tupa sahani.

ONYO: ishara hizi zina pete ya kemikali iitwayo laktoni, na pete hufunguka kwenye alkali. Mchuzi wa baharini ukipanda pH (kipimo cha asidi na alkali), unaua ishara wenyewe bila msaada wa bakteria wako. Ukipima mchuzi mbichi, pima pH kwanza.

6. Weka gazeti nyuma ya sahani. Ukisoma herufi vizuri kupitia duara, CV026 wamekufa: hiyo ni antibiotiki. Herufi zikififia kwa ukungu mweupe, wako hai ila kimya. Hicho ndicho tunachotaka.

MASWALI

Kaa Koko: Mkuu, duara langu ni jeupe, ni dawa?
— Hatua ya 6.

Kaa Koko: Nimeisoma, ila sina gazeti.
— Karatasi yoyote yenye maandishi, ndugu yangu.

Bint Bahari: Sahani ya kulinganisha ni lazima? Agari yangu inakaribia kwisha.
— Lazima. Punguza idadi ya bakteria unaowapima, hiyo sahani iache.

Pweza: Mchuzi wangu unafuta rangi. Nitajuaje kama ni kimeng'enya kinachokata ishara au molekuli inayoziba kipokezi?
— Swali tamu hili. Chemsha maji ya juu kwa dakika 10. Nguvu ikipotea, shuku kimeng'enya. Kisha chukua yasiyochemshwa, changanya na C6, subiri saa kadhaa, shusha pH hadi 2 na uache usiku kucha. Rudisha pH karibu na 7 kabla ya kumpa CV026, usije ukamuua kwa asidi. Zambarau ikirudi, ni laktonesi (kimeng'enya cha kufungua pete ya laktoni): ilifungua pete tu, asidi imeifunga tena. Isiporudi, huenda ni asilesi (kimeng'enya kingine), maana hiyo hukata mkia wa ishara na asidi haiuungi. Weka pia C6 kwenye mchuzi mtupu, uupitishe njia ile ile.

Pweza: Asante sana. Na bakteria wangu mmoja ameacha kufanya kazi baada ya kupandwa mara nane.
— Hutokea sana. Siku ileile unapomtenga mgandishe kwenye gliseroli ya asilimia 20, nyuzi −80, kila jaribio uanze na kichupa kipya.

Bint Bahari: Nyongeza: andikeni jina kwenye kitako cha sahani. Vifuniko hubadilishana.
— Hilo nalo lilinigharimu wiki mbili.